Jina Tulilolipaka Chokaa

Enzi zetu, mtoto wa Likasi hakuhitaji kuelezwa handaki ni nini. Tulijifunzia mbio humo ndani. Juu ya kilima kilicho nyuma ya kambi yetu ya wafanyakazi kulikuwa na mahandaki matatu marefu yaliyochimbwa wakati wa vita vya Katanga. Mbele yake kulikuwa na ngome ndogo ya zege, yenye matundu membamba ya kupitishia mtutu wa bunduki. Chini kidogo, pale barabara inapopinda, ulisimama ukuta wa kumbukumbu ya wafu wa vita vya Wazungu, vile vya kwanza na vile vya pili. Kila mtoto wa kambi aliyajua hayo yote kama anavyojua mlango wa kwao.

Wiki mbili zilizopita nilipanda huko na binti yangu wa mwisho. Ndani ya handaki la kati tuliwakuta vijana wanne wenye machepeo na magunia, wametoboa kuta na wamechimba chini kupita kimo cha mtu. Niliwauliza wanatafuta nini. Mmoja akanijibu, kwa heshima, sitamsingizia: "Mama, hii ni bilimo ya bacreuseurs ba zamani. Baliachaka mbele ya kufika ku mali." Yaani kwa macho yake, kila shimo katika nchi hii lilichimbwa na mtu anayetafuta kobalti, na waliolala humo wakipigwa risasi walikuwa wachimbaji wavivu walioondoka kabla ya kufikia mali. Nilimwambia babu yangu aliwaona watu wakifa katika shimo lile. Akaniambia pole, akaendelea kuchimba.

Sikujua nicheke au nimpokonye chepeo. Juu ya ngome walikaa mabinti watatu wakijipiga picha, midomo imechongoka, na nyuma yao ukuta wa zege umepakwa tangazo la bia kuanzia chini hadi juu. Hao hata hawakujua wamekalia nini. Mmoja aliniomba nisogee, nilikuwa naziba mwanga wake.

Lakini vijana si kitu. Kilichoniuma ni ukuta wa kumbukumbu. Tajiri mmoja anayenunua madini amepewa kilima chote ili aegeshe malori yake, na ukuta utabomolewa. Ili tusipige kelele, ameahidi kuweka jiwe la marumaru kando ya geti lake, lenye majina ya wafu wetu wote, na ametutaka tupeleke majina. Watu wamefurahi. Marumaru! Mimi nina hasira tangu nilipoisikia habari hiyo, na mwanzoni nilidhani ni hasira juu ya tajiri tu. Nitaeleza, ila inabidi nianzie mbali, wakati ule ukuta ulikuwa wetu.

Ukuta wenyewe ulijengwa na Wazungu. Katikati yake walibandika bamba la shaba lenye majina ya maofisa wao, na chini kabisa mstari mmoja uliosema "pamoja na askari na wapagazi wenyeji". Hakuna jina hata moja la mtu mweusi. Baba wa babu yangu, Chisenga, aliyebeba masanduku ya risasi kichwani kuelekea Tanganyika katika vita vya kwanza na hakurudi, alikuwa humo ndani ya neno "wapagazi". Bamba hilo, niseme kabisa, liliibwa zamani. Mji huu unatoa shaba usiku na mchana, na bado mwizi aliona aende kubandua ile ya wafu.

Kwa hiyo baada ya Uhuru watu wa kambi waliamua kuandika wenyewe. Kila Siku ya Wafu, baada ya misa, tulipanda kilimani. Kwanza tulizunguka mahandaki yote matatu, wazee mbele, watoto nyuma, tukiyatoa majani na matope ya mvua za kwanza. Kisha tulitelemka mpaka ukutani. Wanaume walikuwa wameleta chokaa kutoka Kakontwe, na Kambo, babu yangu mzaa baba, ndiye aliyeikoroga, akitia chumvi ili ishike. Ukuta mzima ulipakwa mweupe, pamoja na maandishi ya mwaka uliopita. Ulipokauka, kila familia ilisogea na kuandika upya jina la mtu wake.

Wino wetu ulikuwa ule ule wa ubao wa shule: mawe ya redio, yaani betri, yaliyokwisha nguvu, tunayavunja, tunasaga ule weusi wa ndani pamoja na majani ya muhogo. Mikono ilibaki myeusi siku tatu na mwalimu hakutuchapa, maana alijua tumetoka wapi. Muuza duka mmoja Mwislamu, ambaye familia yake ilitoka upande wa Maniema, aliandika jina la baba yake kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, na sisi watoto tulikaa chini kumtazama, tukingoja tuone kama atakosea. Hakukosea hata mara moja.

Na tulikula! Novemba ndio mwezi wa masuku, yale matunda ya porini, na mti wa masuku uliota hadi kwenye ukingo wa handaki. Tuliyafyonza mpaka meno yakafa ganzi. Akina mama walileta munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, katika madumu, na chikanda iliyokatwa vipande, ile yenye pilipili na harufu ya karanga. Mkimwambia mtoto wa leo kwamba tulikula chikanda tumekaa kwenye ngome ya vita atauliza kama ilikuwa na mayonezi.

Wavulana waliokota maganda ya risasi mchangani na kuyapulizia kama filimbi. Mama yangu hakupenda, alisema ile ni midomo ya watu waliokufa, lakini alipogeuka tu, mlio ulianza tena. Walicheza vita, nusu askari wa Katanga, nusu askari wa kigeni, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa mgeni, ilibidi wasichana tuwe wageni. Mimi na Ntumba tulikuwa wageni kila mwaka. Tulishinda kila mwaka pia, kwa sababu Ntumba alirusha mbegu za masuku kwa nguvu isiyo ya kawaida.

Ntumba alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta, na tulikaa dawati moja. Baba yake, ambaye sote tulimwita Baba Ntumba, alikuwa fundi umeme aliyepelekwa Mwadingusha kila mashine za bwawa zilipogoma. Alifanya kazi na baba yangu. Baba wa Baba Ntumba aliitwa Kabeya. Alichukuliwa uaskari katika vita vya pili, akafia Abisinia, na mwanawe alikuwa bado mtoto mdogo. Jina la Kabeya liliandikwa chini ya jina la Chisenga. Mwanzoni aliliandika Baba Ntumba, na baadaye, Ntumba alipojua kuandika vizuri, alimwachia yeye. Mimi nilikuwa nimeachiwa Chisenga. Tulisimama bega kwa bega, kila mmoja na kijiti chake kilichotafunwa ncha, na tulishindana nani atanyoosha zaidi.

Kulikuwa na sheria moja tu, na Kambo aliisema kila mwaka kabla hatujashika vijiti: "Jina ya mufu inaandikwa na damu yake. Mukono ya muntu mwingine haiguse." Mtu wa nje akiandika jina la mfu wako ni kama amemchukua awe wake. Mara moja, Ntumba alipokuwa na malaria, nilitaka kumwandikia Kabeya. Kambo alinishika mkono hewani. Tulimngoja Baba Ntumba atoke zamu, naye alikuja na nguo za kazi, akaandika jina la baba yake, akanisalimia, akarudi zake. Hivyo ndivyo tulivyokuwa, na nilipokuwa mdogo niliamini hakuna mji mwingine duniani unaoheshimu wafu wake kama sisi.

Mwaka uliofuata malaria ile, redio na wakubwa wakaanza kusema kwamba watu wenye asili ya Kasai si wa hapa. Ninyi wa rika langu mnakumbuka, hata kama hatupendi kulizungumza. Watu waliozaliwa Likasi, waliobatizwa Likasi, ambao baba zao walijenga kiwanda, waliambiwa warudi kwao, kana kwamba kwao palikuwa pengine. Familia nzima zilikwenda kulala kwenye uwanja wa stesheni zikingoja mabehewa, wiki kwa wiki, mvua juu, na wengine walifia hapo hapo wakingoja. Watoto wadogo zaidi ndio waliokufa zaidi. Mama yangu alipika bukari, ugali wetu, akanipa niwapelekee stesheni. Baba akanirudisha mlangoni. Alisema tutaonwa.

Asubuhi ambayo akina Ntumba, nao wa asili ya Kasai, waliondoka nyumbani, Baba Ntumba alipita kwetu na godoro kichwani. Hakuingia. Alimwita Kambo nje, akamwambia maneno machache, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango: "Kambo, Kabeya anabaki na weye. Siku ya Bafu, mumuangalieko." Kambo akamjibu, "Tutamuangalia." Ntumba alikuwa nyuma ya baba yake, ana sufuria mbili mikononi. Hakunitazama, na mimi sikutoka.

Siku ya Wafu ilipofika tulipanda kama kawaida, ila tulikuwa wachache. Tulizunguka mahandaki haraka haraka. Penye ukuta palikuwa na vijana wamekaa juu ya mawe, wale waliokuwa wakizunguka kambi wakihesabu nyumba za watu wa Kasai, wakitutazama. Kambo alikoroga chokaa. Mwaka ule brosi alinipa mimi. Nilipaka kuanzia juu. Chisenga akapotea chini ya weupe, kama kila mwaka. Kisha nikafika kwa Kabeya, na nikasimama, kwa sababu nilijua kwamba huyu hana wa kumwandika upya.

Nilimgeukia Kambo. Yeye aliwatazama wale vijana, akautazama ukuta. Halafu akasema, "Paka." Nikapaka. Mara mbili, kwa sababu weusi wa kijiti cha Ntumba ulikuwa mkali na ulijitokeza kwenye mkono wa kwanza wa chokaa. Chokaa ilipokauka niliandika Chisenga, herufi zilizonyooka kuliko miaka yote, na chini yake palikuwa peupe. Hakuna aliyeandika, maana sheria ilikataza mkono mwingine kugusa. Hivyo tulimfuta mtu, na tulimfuta kwa adabu zote, bila kuvunja sheria hata moja. Tulipokuwa tukishuka, baba yangu alisema Kambo amefanya vizuri. Mwaka uliofuata familia nyingine iliandika jina la mtu wao pale palipokuwa peupe, na nafasi ikaisha.

Nimeishi na jambo hilo miaka yote hii na sikumwambia mtu. Nimekuwa mama mkubwa mwenye midomo, ninayewasema vijana kwa picha zao, wenye malori kwa vumbi lao, na mwizi wa bamba la shaba. Na ninawasema kwa haki, sirudishi neno. Lakini tangazo la jiwe la marumaru lilipotoka, na watu wa kambi ya zamani wakaanza kutumiana majina kwenye simu, nilisoma orodha nzima mara tatu. Kabeya hakuwemo. Wapo watu wenye umri wangu, walioshika chokaa siku ile, na hakuna aliyemkumbuka, au wamemkumbuka na kunyamaza kama mimi.

Nilimtafuta Ntumba. Haikuchukua hata siku mbili, ndilo jambo la aibu: mwanafunzi mwenzetu wa zamani alikuwa na namba yake tangu miaka mingi. Anaishi Mwene-Ditu, upande wa Kasai, anauza vitambaa sokoni. Nilipopiga alinijua kwa sauti. Tuliulizana watoto, nikamwambia Kambo alikufa, akaniambia baba yake alikufa mapema, mwaka ule ule wa kuhama. Kisha nikamweleza habari ya ukuta na jiwe, na kwamba Kabeya hakuandikwa tena tangu walipoondoka, nikamwomba ruhusa niliandikishe jina la Kabeya kwenye orodha, kwa sababu ya ile sheria.

Nilisikia pikipiki na watu wa soko upande wake. Halafu akauliza, "Nani alimupakaka chokaa?"

Ningeweza kumtaja Kambo. Kambo amekwisha kufa, haimuumizi. Ningeweza kuwataja wale vijana wa mawe, na isingekuwa uongo mkubwa.

"Ni minye," nikasema.

"Weye mwenyewe, na mukono yako?"

"Na mukono yangu."

Hakulia wala hakunitukana, na ningependa angetukana. Alisema baba yake, akiwa mgonjwa ndani ya behewa, aliwaambia wasiogope, jina la babu yao limebaki Likasi na watu wa kuaminika. Alikufa akijua hivyo. Kisha akaniambia nisimwandikishe. "Leka. Minye njo damu yake. Nitakuya mwenyewe kumuandika. Bambie bangoje." Aliuliza treni ya kuja huku inapita siku gani, nikamwambia ukweli, kwamba treni siku hizi inapita inapojisikia. Akasema hata hivyo atakuja.

Orodha ilikuwa inafungwa Jumamosi. Nilikwenda kwenye ukumbi walipokuwa wanapokea majina, nikakuta binti mmoja wa yule tajiri, kucha ndefu kama vijiko, anaandika majina ya wafu wetu kwa kidole gumba kwenye simu huku akitafuna kashata. Nilimwomba aache nafasi moja wazi, jina litaletwa na mwenyewe. Alinieleza vizuri, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba fundi wa marumaru yuko Lubumbashi, kwamba jiwe lina kipimo chake, kwamba haiwezekani kuchonga kitu ambacho hakipo. Akaniuliza kwa nini nisilitaje hilo jina sasa hivi, si nalijua?

Nalijua. Niliona jinsi ilivyo rahisi. Herufi sita tu, na mambo yote yangekwisha, na ningerudi nyumbani nikalala vizuri, na kwa mara ya pili ningekuwa nimeshika jina la Kabeya kwa mkono usio wake ili nafsi yangu ipate nafuu. Nikamwuliza kama Chisenga yumo. Akatelemsha kidole, akasema yumo, kaka yangu alimwandikisha siku ya kwanza kabisa.

"Mutoshe," nikamwambia.

Alidhani natania. Nikarudia, kwamba Chisenga ni damu yangu na nina haki ya kumwandika na haki ya kumtoa. Kama hakuna nafasi ya kumngoja mwenzake, basi na yeye atangoja nje naye. Watu wa nyuma yangu walianza kunung'unika kwamba nachelewesha mstari. Binti alinitazama kwa mara ya kwanza, akafuta. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu, ambaye tulicheza naye vita ndani ya handaki lile lile, alisogea mbele bila kunisalimia akataja jina la mtu wake.

Nikilinganisha enzi zile na sasa nashindwa kusema ninachotaka kusema. Zamani tulikuwa na kilima, tulikuwa na masuku, tulikuwa na chokaa yetu na siku yetu, na tulijua kila jina lilikaa wapi na nani aliandika herufi zake. Leo wana malori na marumaru, na wafu watachongwa na mtu asiyewajua. Kuna kitu kizuri sana kilichopotea na sitaki mtu aniambie vinginevyo. Ila siwezi tena kusema kwamba kimepotezwa na vijana. Wale wanne ndani ya handaki hawajui wanachokifukua. Mimi nilijua nilichokuwa nakipaka.

Kaka yangu alikuja juzi amefura. Alisema nimemwaibisha mbele ya mji mzima, kwamba nimemnyang'anya babu yetu mkubwa kaburi pekee alilokuwa nalo, kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu anayemfuta mfu wake mwenyewe. Alizungumza saa nzima, amesimama, chai imepoa. Nilimngoja amalize. Kisha nikamwambia kwamba siku ile tulipomfuta Kabeya, katika nyumba yetu hakuna hata mmoja aliyekasirika.